Kutoka gari la wagonjwa hadi tabibu: miaka ya kazi inahesabiwa, au naanza na moja?

MtoaDripu_Wete ameuliza:

Assalaam alaykum. Nipo Pemba, mwaka wa sita huu kwenye gari la wagonjwa, njia yetu Micheweni, Wete, Chake. Nimeajiriwa Serikalini na nimeshathibitishwa. Vyeti nilivyonavyo ni vya kozi fupi: huduma ya kwanza, BLS (msingi wa kuokoa maisha), ACLS (uokoaji wa juu wa moyo) na majeruhi. Kuweka kanyula (kijibomba cha mshipani), oksijeni, kufunga mvunjiko, kumpokea mtoto njiani, hayo mkono umeshazoea. Sasa nataka kupanda niwe tabibu, yule anayekaa na mgonjwa, akapima, akaandika dawa na jina lake likakaa chini ya karatasi.

Matokeo yangu ya form four: Biolojia C, Kemia D, Kiswahili C, Kiingereza D, Jiografia D, Dini B, Fizikia F, Hesabu F.

Naomba wanaojua wanisaidie. Hii miaka sita na vyeti vya BLS na ACLS vinanipunguzia muda wa chuo? Ile F ya Fizikia ina dawa? Na nikishakuwa tabibu ndiyo mwisho wa ngazi, au ipo njia ya kufika udaktari kamili? Msinipe moyo, nipeni ukweli.

Karani_wa_Faili amejibu:

Waalaykum salaam. Ukweli wenyewe ni kwamba miaka sita haikupunguzii hata muhula mmoja. Stashahada ya Tabibu ni miaka 3, kutoka ngazi ya NTA 4 (NTA ni ngazi za tuzo za vyuo vya ufundi na kada), kisha 5, kisha 6, na kila anayeingia kwa cheti cha form four huanzia NTA 4. BLS na ACLS ni kadi za umahiri, zinaisha muda baada ya miaka 2, wala hazimo kwenye ngazi za tuzo za NACTVET, baraza linalosimamia vyuo hivyo. Ziweke kwenye wasifu wako wa kazi, lakini usitegemee karani wa udahili azihesabu. Anayeruka darasa ni tabibu msaidizi, mwenye NTA 5 ya fani hiyo hiyo, ambaye anakwenda kumalizia NTA 6. Hata muuguzi wa cheti hapandi NTA 6 ya utabibu kwa cheti chake. Ngazi yake ni ya uuguzi.

Sasa matokeo yako. Kigezo cha kuingia ni kufaulu masomo yasiyopungua manne yasiyo ya dini, na ndani yake lazima ziwemo Biolojia, Kemia na Fizikia. Dini B yako nzuri sana mbele ya Mola, lakini hapa haihesabiwi. Ukiitoa unabaki na masomo matano uliyofaulu, idadi inatosha na kuzidi. Kinachokufungia mlango ni Fizikia tu. Alama ya D inaanzia 30, kwa hiyo unachokitafuta ni alama 30 za Fizikia, si miujiza.

Unarudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili wa NECTA kwa ada ya kawaida hufunguliwa Januari hadi mwisho wa Februari, Machi unaingia kwa faini, mtihani Novemba, matokeo Januari mwaka unaofuata. Kabla hujalipa, nenda kwenye kituo ukaulize kwa mdomo wako kama wanapokea mtahiniwa wa Fizikia. Vituo vingine maabara hakuna, wao ni masomo ya sanaa tu, na mtu anakuja kuligundua hilo wakati dirisha limeshafungwa.

Jambo jengine linalokwamisha watu ni jina. Likiwa kwenye cheti cha form four ni Khamis Juma na kwenye kitambulisho cha Mzanzibari ni Hamisi Juma Ali, mfumo wa maombi hauna huruma. Lirekebishe mapema kwa kiapo, na utakaporudia mtihani jisajili kwa herufi zile zile za cheti cha kwanza. Wakati wa kuomba chuo utajaza namba mbili za mtihani, ya zamani na ya marudio, na mbili hizo zikisoma majina tofauti ombi linabaki njiani.

Bandarini2 amejibu:

Usikate tamaa ndugu. Maliza utabibu, fanya kazi miaka mitatu, kisha unakwenda kusoma udaktari msaidizi miaka miwili. Hao wanapasua mpaka tumbo la uzazi. Ndiyo njia waliyopita wengi.

Mwalimu_wa_Wodi amejibu:

Bandarini2, njia hiyo walipita kweli, lakini imefungwa. Kada ya daktari msaidizi ilianza miaka ya 1960 na kwa miongo mingi ndiyo iliyobeba upasuaji wa uzazi kwenye spitali za wilaya huko Bara. Mafunzo yake yamesitishwa. Utawakuta waliobaki kazini, na wana mikono mizuri, ila darasa jipya hakuna. Anayemshauri kijana leo apange maisha yake kwa kutegemea ngazi hiyo anampeleka bandarini siku ambayo hakuna boti.

Njia iliyo wazi baada ya utabibu ni kwenda moja kwa moja kwenye shahada ya udaktari, miaka 5 pamoja na mwaka mmoja wa mafunzo kazini spitali. SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wanaitoa kupitia skuli yao ya afya, Mbweni. Na hapa MtoaDripu nisikilize vizuri, maana ndipo wengi wanapojifunga wenyewe. Anayeingia udaktari kwa stashahada ya utabibu anatakiwa awe na wastani wa B au GPA (wastani wa pointi za masomo) isiyopungua 3.0, NA JUU YA HAYO awe na angalau D ya form four katika Hesabu, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza.

Umeiona Hesabu hapo? Kwenye kuingia utabibu haikutajwa kama lazima. Kwa hiyo mtu anarudia Fizikia peke yake, anaingia chuo, anasoma miaka mitatu, anafanya kazi, siku anaomba udaktari anaambiwa rudi kafanye Hesabu ya form four. Ana miaka 35, ana watoto wawili na zamu za usiku. Kama unarudia Fizikia mwaka huu, jisajili na Hesabu hapo hapo. Ada ni ya mwaka mmoja, na kitabu utakuwa umeshakifungua.

Kuhusu hiyo GPA 3.0, watu wanadhani wataikusanya kwenye masomo mepesi. GPA inapimwa kwa uzito wa somo. Chukua mfano wa masomo mawili tu ya NTA 6, ambako A ni pointi 5, B ni 3 na C ni 2. Somo dogo lina uzito wa 6 umepata A, somo kubwa la kliniki lina uzito wa 18 umepata C. Hesabu yake ni 5 mara 6, ambayo ni 30, ujumlishe 2 mara 18, ambayo ni 36, unapata 66. Gawa kwa 24, jibu ni 2.75. Una A mkononi na mlango wa udaktari umeshafungwa. Na ukishindwa somo ukarudia, kwa kawaida unaandikiwa alama ya chini kabisa ya kufaulu hata kama kwenye marudio umepata 90. Kwa hiyo magonjwa ya ndani, watoto, upasuaji na uzazi ndiyo ya kuyakesha.

MtoaDripu_Wete amejibu:

Shukran sana, hili la Hesabu sikulijua kabisa. Mwalimu, nikishaingia darasani mimi na yule kijana aliyetoka form four jana, si nitakuwa nimemzidi? Na kazi yangu je, nitaacha?

Mwalimu_wa_Wodi amejibu:

Utamzidi kwenye mikono. Siku ya mtihani wa vitendo, ule wa vituo, yeye anatetemeka na sindano, wewe umeshamaliza. Lakini kuna mahali yeye atakuzidi kwa sababu hana mazoea ya kuyaacha.

Kazi ya gari ni njia ya hewa, pumzi, damu, kisha kanyaga mafuta. Ni kazi ya kumfikisha mtu hai. Jina la ugonjwa si shughuli yako. Tabibu anaulizwa jina la ugonjwa, kwa nini si ule mwengine unaofanana nao, dawa gani, kiasi gani, siku ngapi, na arudi lini. Wanaotoka kwenye gari hujibu swali la mgonjwa mwenye homa kwa kusema nitampa oksijeni na nitamweka dripu. Msahihishaji anaandika sifuri, maana hukuulizwa atafikaje, umeulizwa ana nini.

Chukua mtoto wa miaka miwili, kilo 12, anakohoa siku ya tatu. Kwenye gari mmezoea kuhesabu pumzi kwa sekunde 15 kisha mnazidisha kwa nne. Kwa mtu mzima inapita. Kwa mtoto huyu kipimo cha kupumua kwa kasi ni 40 na kuendelea kwa dakika (wa miezi 2 hadi chini ya miezi 12 ni 50), na ukikosea pumzi moja kwenye sekunde 15 umekosea nne kwenye dakika. Wa 38 unamwita ana nimonia, wa 42 unamrudisha nyumbani. Hesabu dakika nzima, mtoto ametulia, halii, hanyonyi, nguo imepandishwa uone kifua. Ukipata 44 na hana dalili za hatari, yaani anakunywa, hatapiki kila kitu, hajapata degedege, hajalegea, basi ni nimonia ya kutibiwa nyumbani: amoksilini ya kuyeyuka ya miligramu 250, kwa uzito wa kilo 10 hadi chini ya 14 ni vidonge 2 asubuhi na 2 jioni, siku 5, jumla vidonge 20. Unamwambia mama arudi lini, na dalili gani zikitokea asisubiri hiyo siku. Hapo ndipo jina lako linapokaa chini ya karatasi.

Mfano wa pili unaujua kwa mkono lakini hukuwahi kuuhesabu. Mtoto huyo huyo wa kilo 12 sasa anaharisha, amelegea, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole sana. Huo ni upungufu mkali wa maji, na tiba yake kwenye mwongozo inaitwa Mpango C. Anahitaji mililita 100 kwa kila kilo, yaani 1,200. Kwa aliyetimiza mwaka, 30 kwa kilo zinaingia ndani ya nusu saa, ambazo ni 360, na 70 kwa kilo kwa saa mbili na nusu zinazofuata, ambazo ni 840. Kwa mpira wa dripu wa matone 20 kwa mililita, ile nusu saa ya kwanza ni matone 240 kwa dakika. Hayahesabiki kwa macho, unaachia wazi na unaangalia mstari wa chupa na saa. Baada ya hapo ni matone 112. Angekuwa wa miezi minane, kilo 6, mahesabu yanabadilika: 180 kwa saa nzima, kisha 420 kwa saa tano, ambayo ni matone 60 halafu 28. Na akiwa na utapiamlo mkali, mpango huu wote unauweka pembeni, maana moyo wake hauwezi kubeba kasi hiyo. Dripu kwake ni ya mshituko tu (pale damu haizunguki vya kutosha), mililita 15 kwa kilo kwa saa moja, huku ukimkagua mara kwa mara.

Kwenye gari unaambiwa weka dripu, unaweka. Darasani utaulizwa dripu ipi, kiasi gani, kwa muda gani, na utasimama lini. Anza kujiuliza maswali hayo tangu sasa, kwa kila mgonjwa unayempandisha, kisha siku ya pili uliza wodini alikuwa na nini. Ukifanya hivyo mwaka mmoja unaosubiri matokeo, utaingia chuo umeshapata nusu ya magonjwa ya ndani.

Jambo moja la sisi wa visiwani. Vitabu vingi vya vyuo vimeandikwa kwa mwongozo wa Bara. Malaria kwa mfano: huko dawa ya mseto ya kwanza ni ALu (artemetha na lumefantrini), wakati Zanzibar ilianza na artesuneti na amodiakuini tangu 2003. Afya si jambo la Muungano, miongozo ni miwili. Mtihani jibu kwa mwongozo uliofundishwa, wodini tibu kwa mwongozo wa Wizara ya Afya Zanzibar ulio ukutani siku hiyo.

UtumishiPemba amejibu:

Nijibu la kazi. Usiache, na usiondoke kimya kimya. Umeshathibitishwa, kwa hiyo unaweza kuomba ruhusa ya masomo. Barua inapita kwa mkuu wako wa kituo na kupanda juu. Usiipeleke mwenyewe Unguja ukadhani umefanya haraka, itarudishwa ipitie njia yake. Ambatisha barua ya kukubaliwa chuo na muda wa kozi. Lakini mazungumzo yaanze mapema, kabla ya barua ya chuo, ili jina lako liingie kwenye mpango wa mafunzo wa mwaka. Anayekuja Septemba na barua ya chuo kinachofungua Oktoba anaambiwa subiri mwakani, na chuo hakimsubiri.

Ruhusa iwe mkononi, kwa maandishi, ndipo upande boti. "Bosi ameniambia nenda tu" si ruhusa. Bosi akihamishwa, wewe ni mtoro kazini na mshahara unasimamishwa.

Na jengine ambalo halisemwi: kuhitimu hakukubadilishii kada siku hiyo hiyo. Unarudi na cheti, unasajiliwa na kupata leseni, ndipo unaomba kubadilishwa kada, na hilo linategemea kama nafasi ya tabibu imo kwenye ikama (orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa) na kwenye bajeti ya mwaka huo. Wapo wanaokaa mwaka na zaidi na cheti cha utabibu huku wanalipwa kwa kada ya zamani. Barua ya maombi iandike wiki unayopata leseni, weka nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Faili lisilo na muhuri wa mapokezi halikupokelewa.

Usajili pia usichanganye. Baraza la Madaktari Tanganyika ni la Bara. Ukisoma Bara na ukarudi kufanya kazi hapa, utafuata usajili wa Zanzibar. Uliza nyaraka wanazotaka kabla hujaondoka chuoni, maana kufuatilia orodha ya alama ukiwa Konde na chuo kipo Mbeya ni kazi ya miezi.

Bandarini2 amejibu:

Nimekubali kusahihishwa hapo juu. Sasa mimi nasikia Marekani mtu wa ambulensi anakuwa daktari msaidizi kwa miaka miwili tu na masaa yake yanahesabiwa. Kwa nini asiende huko?

Karani_wa_Faili amejibu:

Umesikia nusu. Kada hiyo ya Marekani ilianzishwa kwa watu wa aina yake hasa: Chuo Kikuu cha Duke, mwaka 1965, Dakta Eugene Stead alichukua wanajeshi wanne waliokuwa wahudumu wa tiba wa jeshi la majini, watatu wakahitimu 1967. Lakini leo masaa ya ambulensi ni sharti la kuomba, hayapunguzi masomo. Unatakiwa kwanza uwe na shahada ya kwanza yenye masomo ya sayansi, kisha programu yenyewe ni wastani wa miezi 27, halafu mtihani wa taifa wa maswali 300. Hiyo "miaka miwili" imekaa juu ya miaka minne mengine. Na akirudi Zanzibar na cheti hicho, hakuna kada ya kumweka. Kwa mwenye F ya Fizikia aliyepo Wete, alama 30 za Novemba ziko karibu zaidi kuliko viza.

MtoaDripu, nikupangie kalenda. Januari unajisajili Fizikia na Hesabu. Novemba unafanya. Januari ya pili matokeo. Katikati ya mwaka madirisha ya maombi yanafunguka: SUZA unaomba kwenye mfumo wao wenyewe, vyuo vya afya vya Bara vina dirisha la pamoja la NACTVET, na unaruhusiwa kuomba kote kuwili. Masomo yanaanza kati ya Septemba na Novemba kutegemea chuo. Kwa hiyo tangu siku ya kujisajili mpaka kukaa darasani ni karibu miezi 20, ongeza miaka 3. Ukimaliza kwenye chuo cha NACTVET, omba namba ya uthibitisho wa tuzo, ile AVN, mara matokeo yakitoka hata kama huombi chuo kikuu mwaka huo. Bila namba hiyo mfumo wa vyuo vikuu haukutambui, na foleni ya kuipata hujaa wakati kila mtu anaitaka.

MtoaDripu_Wete amejibu:

Nimeelewa, Mungu awalipe. La mwisho: Hesabu nilipata F mbaya, si F ya karibu. Kwa mtu wa zamu, nianzie wapi?

Mwalimu_wa_Wodi amejibu:

Usianze na kitabu ukurasa wa kwanza. Karatasi ya Hesabu kwa muundo uliozoeleka ina maswali 14: kumi ya sehemu A, alama 6 kila moja, na manne ya sehemu B, alama 10 kila moja. Unachotaka ni 30, jiwekee lengo la 40 ili upate pa kuteleza. Takwimu, matriksi, seti, uwezekano na hesabu za biashara zinajitegemea. Hazihitaji ukumbuke mengi ya nyuma. Anza na hizo tano kwa miezi minne, kila mada ukifanya maswali ya mitihani iliyopita ya miaka 10, kwa saa, bila kuangalia jibu. Jiometria ya duara na trigonometria ziache za mwisho, muda ukibaki.

Fizikia ni kinyume chake, huko unayo faida. Shinikizo la hewa umelishika kwenye mtungi wa oksijeni, wenzo umeuona kila unapobeba machela, joto na umeme vimo kwenye gari lako. Kinachokuangusha ni vipimo: unaandika jibu 20 bila kusema 20 za nini, alama inakatwa. Kila jibu liandikie kipimo chake, hata kwenye karatasi ya mazoezi ya nyumbani.

Na usome kabla ya zamu ya usiku, si baada yake.